Spana Tunazo. Tupeni Mchoro wa Waya

Ndugu zetu, dada zetu, na nyinyi wa mashirika ambao tunajua mnatusoma hata kama hamweki maoni: leo tuna jambo moja tu. Mafunzo ya umakanika ambayo vijana wakimbizi wanapewa hayafundishi kusoma mchoro wa umeme wa gari. Na fundi asiyeweza kusoma mchoro huo, kwa magari ya siku hizi, atabaki kumshikia mtu mwingine spana mpaka aote mvi.

Msituambie ati tunalalamika. Tunaongea kitu tunachokiona kila siku.

Kwanza mjue sisi ni nani. Baadhi yetu tulivuka mpaka huu Januari 2008, watoto wadogo, wengine mgongoni mwa mama, Kenya ikiwaka baada ya uchaguzi wa Desemba 2007. Tuliwekwa Mulanda, hapa hapa wilaya ya Tororo, na mwaka huo huo tukapelekwa Kiryandongo. Huko wakaja wenzetu wa Sudan Kusini, na wa Kongo tukawa nao. Tumesoma pamoja, tumepanga foleni ya maji pamoja. Wengine tunajitolea kambini, wengine wamerudi huku mpakani kutafuta kazi. Sheria ya Wakimbizi ya Uganda ya 2006 inaturuhusu kutembea na kufanya kazi. Kwa hiyo haki tunayo kwenye karatasi. Swali ni tuitumie na ujuzi gani.

Na kwa nini Busia na Tororo? Kwa sababu magari yako hapa. Malori yanayotoka Mombasa kwenda Kampala, Kigali, Juba na Kongo yanapita Malaba au Busia. Kituo cha pamoja cha forodha cha Busia kilizinduliwa na marais wawili Februari 2018, lakini foleni bado tunazijua. Lori likisimama, kitu kinaharibika. Betri inalala, taa inakataa, stata inagonga tu "ka".

Tena hapa kuna jambo ambalo mtu wa Nairobi au Kampala hakutani nalo hivi. Kenya hairuhusu kuingiza gari lililotumika likiwa limepita miaka 8. Uganda, tangu 2018, imeweka kikomo cha miaka 15. Kwa hiyo kwenye barabara moja ya Busia unapata gari jipya jipya lililojaa kompyuta, na nyuma yake gari kuukuu ambalo waya zake zimeshaguswa na mafundi kumi. Weka na matatu ya volti 12 karibu na lori la volti 24, lenye betri mbili za volti 12 zilizounganishwa kwa mfuatano. Hakuna darasa la umeme wa magari zuri kuliko mtaa huu. Na hakuna anayelitumia kama darasa.

Sasa tuseme ukweli kuhusu hayo mafunzo.

Tunaijua ratiba. Miezi mitatu, mara nyingine sita. Wiki ya kwanza usalama kazini. Halafu kubadilisha oili, kufungua tairi, kubadilisha breki, kusafisha plagi. Umeme wa gari unapewa siku mbili: hii ni betri, hii ni alteneta, hii ni stata, msiguse hapa. Mwisho kuna siku ya vyeti, bango, fulana, soda, picha ya pamoja. Kila kijana anaondoka na sanduku la spana. Ripoti inaandikwa kwamba vijana kadhaa "wamewezeshwa".

Wazee walisema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Sisi si wageni wa siku mbili, wengine tuna zaidi ya miaka kumi na tano. Jembe tulipewa kweli. Ila halina mpini.

Tutoe mfano. Mwenzetu mmoja, hatumtaji, na gereji hatuitaji, alipata kazi Tororo akiwa na cheti chake kizuri. Ikaja Noah, taa za nyuma haziwaki, fyuzi ya ampea 10 imekatika. Akaweka nyingine, ikakatika. Mkubwa wake akamwambia weka ya 30. Yaani toa nyekundu, weka ya kijani. Ikashika siku mbili. Siku ya tatu fungu la waya chini ya kapeti likayeyuka, moshi ndani ya gari, abiria wakaruka. Aliyefukuzwa ni nani? Yule mkimbizi. Aliyedaiwa pesa ni nani? Ni yeye yule.

Mnajua kosa lilikuwa wapi? Mlango wa nyuma. Waya za mlango ule zinapita karibu na bawaba, na kila ukifungua na kufunga zinapinda. Miaka ikipita, ngozi ya waya inachubuka, shaba inagusa bodi, shoti. Kazi ya nusu saa kwa mtu mwenye mchoro. Mchoro ungemwonyesha kwamba umeme ukitoka kwenye ile fyuzi unapita plagi fulani, unagawanyika, huku taa za nyuma za pembeni, huku taa ya namba iliyoko mlangoni. Angechomoa plagi ya mlango, akaweka fyuzi ile ile ya ampea 10. Isipokatika, basi kosa liko upande wa mlango. Ikikatika, liko upande wa mbele. Unagawa njia mara mbili, unagawa tena, mpaka kosa linakosa pa kujificha.

Fyuzi ya 30 haikutibu chochote. Fyuzi imewekwa ikatike kabla waya haijaungua. Ukiongeza fyuzi bila kuongeza unene wa waya, umeamua waya ndiyo iwe fyuzi. Hesabu yenyewe mtoto wa darasa la sita anaiweza: wati gawanya kwa volti unapata ampea. Balbu ya wati 60 kwa volti 12 ni ampea 5. Balbu mbili ni 10. Hii si sayansi ya roketi, na kijana yule aliyefukuzwa angeielewa kwa dakika tano kama mtu angempa hizo dakika tano.

Sasa kuna wale wanaosema, "Mchoro ni mgumu, vijana hawa Kiingereza kinawasumbua." Haya maneno tumeyasikia kwenye mikutano mpaka tumechoka. Jameni, mchoro wa waya si insha. Ni mistari, alama, namba na herufi chache. Aliyesoma kwa Kifaransa Bukavu, aliyesoma kwa Kiarabu Malakal, aliyesoma kwa Kiswahili Eldoret, wote wakiwekewa mchoro mmoja wanaanza mahali pamoja. Hebu tuuoneshe ulivyo, hapa hapa, bila semina.

Michoro mingi inaweka umeme unakotoka juu na athi chini. Soma kama maji yanavyoshuka: betri, fyuzi, swichi, mzigo (taa, honi, mota), kisha athi, yaani bodi ya gari. Njia ikikatika popote, kitu hakifanyi kazi. Njia ikigusa bodi kabla ya kufika kwenye mzigo, fyuzi inakatika. Matatizo mengi unayoletewa ni moja ya hayo mawili.

Mistari miwili ikipishana bila nukta, waya hazijaungana, zinapitana tu. Ikiwa na nukta, zimeungana. Mtu asiyejua hiyo nukta atatafuta kosa wiki nzima kwenye waya ambayo haihusiki.

Swichi na rilei kwa kawaida huchorwa zikiwa zimepumzika, kabla hujawasha kitu. Kwa hiyo usishangae kuona njia imeachana. Itafungwa mtu akibonyeza.

Rangi za waya zinaandikwa kwa herufi. Kwenye Toyota, B ni nyeusi, W nyeupe, R nyekundu, G kijani, Y manjano, na bluu ni L, kwa sababu B imeshachukuliwa na nyeusi. Ukiona herufi mbili zenye kistari katikati, kama L-Y, ya kwanza ni rangi ya waya na ya pili ni mstari mwembamba juu yake: bluu yenye mstari wa manjano. W-B, nyeupe yenye mstari mweusi, kwenye Toyota nyingi ni athi. Lakini usibebe rangi za Toyota kwenda nazo kwa gari la Kijerumani. Huko athi ni ya kahawia.

Malori ya Kijerumani yanayolala Malaba yana namba zake pia, na hizo namba ni za kawaida hata kwenye rilei ndogo unayonunua dukani. 30 ni umeme wa moja kwa moja kutoka betri. 15 ni umeme unaokuja ukiwasha ufunguo. 31 ni athi. 50 inakwenda kwenye stata. Kwenye rilei, 85 na 86 ni koili, ile inayovuta. Umeme mkubwa unaingia 30 na kutoka 87. Ukishajua hizo namba, rilei si kijiboksi cha ajabu tena. Unaipima kwa multimita, unajua kama ni mzima au amekufa, unaacha kubadilisha vitu kwa kubahatisha.

Na athi. Mafundi wengi wa mtaani wanaidharau athi. Ukiona unakanyaga breki na taa ya indiketa inafifia, au unawasha taa moja inawaka nyingine kwa mbali, kabla hujakata waya yoyote nenda kwenye mchoro uangalie ni taa zipi zinatumia athi moja. Utakuta boliti moja yenye kutu imeshika taa zote hizo. Isugue, ikaze. Umemaliza. Mteja anakuona mchawi.

Hayo tumeyaandika kwa aya chache. Kwenye darasa la miezi mitatu yanakosaje nafasi?

Wengine wanasema, "Siku hizi kuna mashine ya kusoma kodi, inamwambia fundi kila kitu." Hapana. Mashine ikitoa P0335, inasema kuna shida kwenye mzunguko wa sensa ya krenki. Imesema mzunguko. Haijasema sensa imekufa. Inaweza kuwa sensa, inaweza kuwa waya iliyokatika, inaweza kuwa plagi yenye maji. Fundi asiye na mchoro ananunulisha mteja sensa mpya, gari bado haliwaki, ananunulisha kontroli boksi. Mwenye mchoro anajua sensa ina waya ngapi, zinaingia pini namba ngapi, anapima, anapata. Mashine inakuonyesha mtaa. Nyumba utaitafuta mwenyewe.

Na magari ya umeme yanakuja, hatuongei ndoto. Kiira Motors wana kiwanda Jinja, kwenye barabara ile ile inayotoka hapa kwenda Kampala. Boda za umeme zimeshaanza kuonekana. Kwenye magari haya waya nene za rangi ya machungwa zina volti za kuua mtu. Yule aliyefundishwa kubahatisha kwenye volti 12 akipelekwa huko atakufa. Tunasema hivi bila kuzidisha chumvi.

Kuna neno pia kwa wazee wetu wa gereji. Shikamooni. Heshima yenu iko pale pale, na wengi wenu mmetupokea bila kuuliza karatasi. Lakini wako kati yenu wanaoficha. Kijana anaosha vyuma miaka miwili, kazi ya waya ikija anatumwa chai. Mnaogopa tutafungua gereji ng'ambo ya barabara. Wazee, ujuzi hauzeeki, na magari hayaishi Busia. Fundi mmoja anayepiga dairekti kila mahali anaharibu jina la mtaa mzima, na dereva wa lori akishachomewa waya Malaba, safari ijayo anapita bila kusimama.

Na kwa nini wasichana hawatajwi kabisa? Dada zetu wakijiandikisha wanaelekezwa kwenye cherehani na saluni kabla hawajafungua mdomo. Kushona ni kazi nzuri, hatuidharau. Lakini kusoma mchoro na kushika multimita hakuhitaji misuli. Kunahitaji utulivu na kumbukumbu. Anayefuata patani ya gauni, anakata kitambaa bila kukiharibu, ameshafanya nusu ya kazi hii kichwani.

Sasa nyinyi wa mashirika, hili ndilo linatuuma. Tangu 2023 chakula cha msaada Uganda kinagawanywa kwa makundi, na wako walioondolewa kabisa kwenye orodha. Tunaambiwa tujitegemee. Sawa. Kujitegemea si neno baya, baba zetu walijitegemea kabla ya vita na kabla ya uchaguzi. Lakini huwezi kumpunguzia mtu posho kwa mkono mmoja na kwa mkono wa pili umpe ujuzi wa kubadilisha oili, kitu ambacho mwenye gari anaweza kujifanyia mwenyewe. Ukisema tujitegemee, tupe kitu ambacho mtu atakubali kukilipia.

Halafu fikirieni uzito. Njaa ikiingia nyumbani, lile sanduku la spana linauzwa, tumeona yakiuzwa. Mtu akihamishwa au akikimbia tena, vyuma vinabaki. Waliofika Mulanda 2008 wanajua walichoweza kubeba. Kusoma mchoro hakuuzwi sokoni wala hakuachwi njiani.

Kwa hiyo tunaomba haya, na tunaona yote yanawezekana:

1. Mafunzo yoyote ya magari yanayopita mwezi mmoja yawe na kusoma mchoro tangu wiki ya pili, siyo siku mbili za mwisho.

2. Kwenye sanduku la spana wekeni multimita na kitabu chenye michoro ya angalau gari moja linalotembea sana hapa. Kama bajeti ni ndogo, punguzeni fulana na bango.

3. Mtihani wa mwisho uwe gari lililotiwa kosa. Kijana apewe mchoro na multimita, atafute kosa bila kukata waya hata moja. Akilipata amefaulu. Ripoti yenu ihesabu hao, msihesabu waliokula chakula cha mchana.

4. Wakufunzi watoke hapa. Kuna mafundi waya Busia na Tororo wanaoijua kazi kuliko mkufunzi wa kukodiwa. Walipeni vizuri wafundishe, na hofu yao ya kuficha itapungua.

5. Tusaidieni kupimwa. DIT ya Uganda kwa miaka ilikuwa ikipima na kutoa cheti hata kwa fundi aliyejifunzia kazini. Kinachotuzuia mara nyingi ni ada na nauli, wala si akili.

Na sisi wenyewe vijana? Kusubiri mradi ni kazi mbaya kuliko zote. Msisahau neno "boda boda" lilizaliwa kwenye mpaka huu, kwa vijana waliobeba watu kwa baiskeli kutoka boda hii hadi ile. Hakuna aliyewaandikia mradi. Leo neno lao linatumika Afrika Mashariki yote.

Basi tuanze na hiyo hiyo boda. Umeme wake ni volti 12, waya zake zinaenea kwenye ukurasa mmoja wa daftari. Wiki hii kila mmoja achukue kalamu, aifuate taa ya breki ya pikipiki moja, kutoka betri hadi athi, achore alichokiona: fyuzi, ufunguo, swichi za breki, balbu, rangi za waya. Mtagundua kwamba kwenye pikipiki nyingi swichi ni mbili, ya mkono na ya mguu, na yoyote kati yao inawasha taa ile ile. Chora zimeungwaje mpaka hilo linawezekana.

Piga picha ya daftari lako, iweke hapa chini. Tutasahihishana bila kuchekana. Wa mashirika pia mnakaribishwa, leteni michoro yenu tuione.